Nani Alikata Dawa ya Kibonge

Kwa mama yangu mzazi,

Shikamoo mama. Natumai ule mgongo uliokusumbua ulipokuwa huku umetulia, na kwamba benchi ulilokalia sasa hivi halijaanza kukuumiza. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako Kibonge hajambo kabisa, anakula, anacheka, anatembea kwa kushika ukuta na kuangusha kila kitu ambacho mtu mwenye akili hakukiweka juu ya kabati. Mkweo pia hajambo, na bila shaka yuko hapo karibu, amekaa pembeni kidogo kwa adabu ya mkwe, anajifanya anasoma mabango ya ukutani.

Najua uko kwenye benchi kwa sababu nilimwambia asikupe barua hii mpaka mtoto wa kaka awe amefikishwa zahanati na jina lake limeandikwa. Usimlaumu, yeye hajui kilichomo. Nimeifunga bahasha kwa gundi na juu yake nikaishona kwa uzi, maana mume wangu namwamini, lakini si mpaka kwenye bahasha. Isome kwa macho tu, mama, usitoe sauti. Wifi yangu yuko ubavuni kwako na mtoto mapajani, na haya si ya masikio yake. Ndiyo maana sikupiga simu. Simu ya kaka unaijua, spika yake inasikika mpaka kwa majirani, na ikilia nyumba nzima inaizunguka kama imeletwa maiti.

Isome yote kabla hamjaitwa. Foleni za zahanati nazijua, muda unao. Wala sikufichi tangu mwanzo: ninachokuandikia ni uhai wa huyo mtoto, mume wako mdogo unayemringia kuliko hata marehemu baba.

Unakumbuka siku ile uliyofika kwangu na mkoba wako, ukamkuta Kibonge amelegea begani kwangu kama nguo iliyolowa? Kabla hujavua hata viatu, akaingia yule mhudumu wa afya wa mtaa wetu, tunayemwita Dada Saa kwa ajili ya kile kisaa kinachoning'inia shingoni mwake. Alituambia tumpandishe mtoto fulana, kisha akainama, akamtazama tumbo. Hakumchoma sindano, hakumpapasa, hakusema neno. Anatazama tu, na kisaa kinalia tik, tik, tik. Mimi nikakutazama wewe, wewe ukanitazama mimi, na nina hakika tuliwaza jambo lile lile, kwamba leo tumeletewa mchawi mwenye kitambulisho. Baadaye tulipobaki wawili uliniambia kwamba umeshaona waganga wa kila aina duniani, ila wa kutazama kitovu huyo ndiye wa kwanza.

Alipomaliza alitueleza kwamba alikuwa anahesabu pumzi. Alisema mtoto anapumua haraka kuliko umri wake unavyoruhusu, kwamba hiyo ni nimonia, lakini imewahiwa na itatibika hapo hapo nyumbani. Akatoa ile karatasi ngumu yenye vidonge kumi, akatuonyesha jinsi kimoja kinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, mpaka karatasi iishe, hata kama mtoto amepona na anacheza. Hilo la mwisho alilirudia mpaka likanikera, nikajiuliza huyu anapata faida gani vidonge vikiisha. Na wewe ulichovya ncha ya kidole kwenye kijiko, ukaonja, ukatamka kwamba dawa tamu si dawa, ni peremende.

Mama, hii tabia ya kushuku sikuiokota njiani. Ni wewe uliyenifundisha kwamba mtu akikusifia sufuria yako, ujue anakuja kuiazima. Nilinyonya maziwa yako na shuku yako pamoja. Kwa hiyo tulimpa Kibonge ile dawa kwa shingo upande, wewe umeshika kijiko, mimi nimeshika pua yake, sote wawili tunamngoja Dada Saa arudi tumsute.

Lakini mtoto akapata nafuu. Homa ikashuka, akaanza kunyonya kwa fujo zake, na ile asubuhi aliyokurushia kikombe ulicheka mpaka ukakaa chini. Nilikukuta umempandisha fulana mwenyewe, umeinama, unamtazama tumbo vile vile kama Dada Saa. Ukaniambia kwamba hii dawa ina akili. Nilifurahi, maana wewe kusifia kitu cha bure ni nadra. Siku ile ile kaka akapiga simu kwamba mwanawe naye ameanza kukohoa, na wifi peke yake hawezi. Ukakunja nguo zako, ukasema unarudi.

Nilikusindikiza mpaka kituoni. Nilitaka kukubebea mkoba ukakataa, ukaukumbatia kifuani njia nzima. Nikasema moyoni, haya, utu uzima na mambo yake.

Jioni nilitoka kazini nikaenda moja kwa moja kwenye kopo la juu ya kabati. Asubuhi nilikuwa nimeacha vidonge vitano, nina hakika na hilo kama ninavyojua jina langu. Nikakuta vitatu.

Unajua kazi yangu. Mpiga pasi kwa dobi anaishi kwa kuhesabu. Soksi moja ya mteja ikipotea, tajiri wetu anafunga mlango na hakuna anayetoka, hata mpishi wa chai anapekuliwa. Na mara nyingi soksi haijaibwa na mtu, imejibana ndani ya mfuko wa suruali ya mtu mwingine, lakini mpaka ionekane sisi sote ni wezi. Basi na mimi nikafanya nyumbani kama tunavyofanya kazini. Nilianza kupekua.

Wa kwanza alikuwa Mama Redio, yule jirani yangu wa chumba cha pili, ambaye akianza kuongea asubuhi habari ya mwisho ni wakati wa kulala. Siku uliyoondoka aliingia kwangu kuazima vibanio vya nguo. Binti yake alikuwa anakohoa. Mimi nikaona kesi imekwisha, imebaki hukumu tu. Nikaenda kufukua kwenye ndoo yake ya taka pale barazani, nikatoa karatasi tupu ya vidonge, nikainyanyua juu mbele ya wapangaji wote, nikamuuliza hii ni nini. Wapangaji wakasogea. Mpangaji wa chumba cha mwisho, ambaye hata siku ya moto hatoki, siku hiyo alitoka. Ikasomwa ile karatasi, ikaonekana ni dawa ya maumivu ya kichwa. Mama Redio akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniua, kwamba kama angekuwa mwizi angeanza na sabuni yangu, ile ninayoibeba kutoka kazini bila tajiri kujua, na ambayo wapangaji wote wanaijua harufu yake.

Aibu, mama! Nilitamani ardhi inimeze. Tangu siku hiyo hakunisalimia. Baraza lililozoea kelele zake likawa kimya, na watu wakanitazama mimi kama ndiye niliyezima umeme.

Ungedhani nilikoma. Wapi! Nikamgeukia mkweo. Alikuwa na jino linamuuma, shavu limemvimba upande mmoja, na wanaume unawajua, jino likiuma wanameza chochote chenye umbo la duara. Nilimwambia apanue mdomo nikammulika kwa simu, sijui nilitegemea kuona nini, labda kidonge kimekaa kwenye pengo kinaningoja. Aliapa kwa kaburi la baba yake. Akasema mchana kutwa anachomelea mageti ya watu, macho yanawaka moto, halafu anarudi nyumbani kuhojiwa kwa dawa ya mtoto wake mwenyewe. Alipoona simwamini akanitupia methali, kikulacho ki nguoni mwako, na akageukia ukuta. Mimi nikaona ameshakiri kwa mafumbo. Nikamnunia, na chai yake nikaitia chumvi badala ya sukari, na sikujutia.

Vile vidonge vitatu vikaisha, Kibonge akabaki bila dawa na karatasi ilitakiwa bado iwe na vidonge. Nikajiambia amepona, ya nini kuhangaika. Lakini moyo ulikuwa hautulii. Nikaanza kumshuku sasa Dada Saa mwenyewe, kwamba pengine ametupunja, ametupa karatasi iliyotoboka, na vingine anauza. Aliporudi kumtazama mtoto, sikumngoja apumue. Nilimpokea na maneno mlangoni.

Alinisikiliza, kisha akaomba aione ile karatasi. Akaigeuza huku na huku. Akasema kwamba vidonge alivitoa kumi na mimi nilivihesabu mbele yake, jambo ambalo ni kweli. Halafu zamu ikageuka, mama, akaanza kunishuku mimi. Alisema kina mama wengine huuza. Wengine mtoto akichangamka tu wanaficha vilivyobaki wavitumie siku nyingine. Wengine humgawia jirani, kwa nia njema kabisa, na hao ndio wanaomtia hofu zaidi, kwa sababu wanatoka na watoto wawili wagonjwa badala ya mmoja aliyepona. Alisema wadudu wa nimonia wakipigwa nusu hawafi, wanazimia tu, mtoto anaonekana mzima, kisha wanaamka na hasira, na dawa ile ile iliyowaangusha mwanzo inaweza isiwatoshe tena. Dawa ile imepimwa ya mtoto mmoja, akasema, haina ziada.

Akatupatia vingine, ila kwa masharti. Akawa anakuja mwenyewe asubuhi na jioni kushuhudia ninavyomnywesha Kibonge, kidonge, kijiko, meza, fungua mdomo tuone. Wapangaji wanachungulia. Nilijiona kama mfungwa wa nje. Lakini nikanyamaza, maana yangu nilishayasema yote kwa watu wasiohusika. Alipohakikisha mtoto amemaliza na pumzi zake ziko sawa, akanirudishia ile karatasi ya zamani, akaongeza neno moja akiwa anavaa viatu. Alisema aliyechukua hakurarua, amekata kwa mkasi, tena kwa kona safi, na mwizi kwa kawaida hana muda wa kutafuta mkasi.

Mama, neno hilo nililala nalo. Nikaichukua ile karatasi kazini, nikaiweka kwenye ukingo wa meza yangu ya pasi, nikawa naitazama kila nikigeuza nguo. Mkasi wangu uko kwenye kopo la uzi, chini ya godoro. Mama Redio hajui ulipo. Mkweo hata sindano hajui iko wapi, akikatikiwa kifungo anafunga kwa waya. Na tena, mwizi gani anakuta vitano, anachukua viwili, anaacha vitatu?

Jana kaka akanipigia. Nilikuwa na shati jeupe la mteja mezani. Alinisalimia, akaulizia Kibonge, kisha sauti ikashuka. Alisema mwanawe alipata nafuu kidogo uliporudi, wakashukuru, lakini sasa kikohozi kimerudi kwa nguvu, mtoto hanyonyi, na akipumua mbavu zinaingia ndani. Wifi anataka kwenda dukani kununua dawa ya maji ya kifua. Halafu kaka akacheka kidogo, kicheko cha kujikaza, akasema hata mama amechoka, siku zile za mwanzo hakubanduka kwa mtoto, kila mara yuko nyuma ya pazia na kikombe na kijiko, ukimuuliza anasema anampa maji ya sukari.

Pasi ilitulia juu ya shati. Moshi ulipanda, wenzangu wakapiga kelele, na mimi nimesimama tu. Nilikuwa naitazama ile kona iliyokatwa.

Ni nani duniani hugawa hivyo? Ulitukatia sabuni kwa uzi, mama, mimi na kaka, ukapima kwa vidole kabla hujakata. Mkate uliukata kwa kuulaza kwenye rula ya shule ya kaka. Siku baba alipoleta pipi moja, uliigonga kwa jiwe ukatupa sisi vipande viwili, na wewe ukalamba unga uliobaki kwenye jiwe. Na kila siku ilikuwa sheria moja nyumbani kwetu, anayekata huchukua fungu dogo, ili asipate nafasi ya kujipendelea. Vitano haviwezi kugawanyika sawa. Kwangu ukaacha vitatu. Wewe uliyekata ukachukua viwili.

Ni wewe, mama.

Nimekaa muda mrefu kabla ya kuandika mstari huo hapo juu. Mtoto hamwambii mzazi wake maneno kama hayo. Kwanza nilikasirika, sikudanganyi. Nilikukasirikia mpaka nikatoka nje ya duka la dobi, nikalia kwenye kamba za nguo, mashuka ya watu yananipiga usoni. Nilikumbuka Mama Redio, nikakumbuka chai ya chumvi, nikakumbuka mwanangu alivyokosa dozi na mimi natafuta mwizi kwenye ndoo ya taka. Kisha hasira ikaisha, ikabaki hofu tupu, kwa ajili ya huyo aliyeko hapo ubavuni kwako.

Najua ulivyofikiri. Ulimwona Kibonge anarusha vikombe, ukasema huyu ameshapona, ya nini kumshindilia dawa. Ukasikia mwenzake anakohoa. Na najua wifi anavyosema, kwamba unampenda mtoto wa binti yako kuliko mtoto wa mwanao, kwamba kila ukiugua moyo unakimbilia kwangu. Usingeweza kurudi kwake mikono mitupu baada ya kukaa kwangu unamuuguza wa kwangu. Na kwa kuwa usingeweza kumwambia umemletea mwanawe makombo ya dawa ya Kibonge, ulimpa nyuma ya pazia ukaiita maji ya sukari. Nakujua zaidi, mama. Hata hivyo viwili, kwa kuwa yeye ni mdogo kwa mwenziwe, ninaamini ulivikata tena nusu nusu ili vidumu.

Kila kitu ulichotugawia maishani kilitosha. Sijui ulikuwa unafanyaje, lakini kilitosha. Hii ndiyo peke yake haikugawanyika, na hukujua, na mimi yale tuliyoambiwa sikukusisitizia kwa sababu nilikuwa nacheka na wewe habari za mchawi wa kitovu.

Jana hiyo hiyo nilimtafuta Dada Saa. Sikukutaja. Nilimuuliza tu, kama ingetokea mtoto amepewa kidogo ya dawa hii, ikakatika, na ugonjwa ukarudi na mbavu zinaingia ndani, afanyweje. Alisimama pale pale. Akasema apelekwe zahanati bila kungoja kitu, wala asipitie dukani, na kwamba kubwa kuliko yote daktari aambiwe mtoto ameshaionja dawa gani, kiasi gani, na lini mara ya mwisho. Asipoambiwa atamwona kama mgonjwa mpya, huenda akampa ile ile na kumrudisha nyumbani, na mtoto aliyeacha kunyonya hana siku za kupoteza kwa majaribio. Alinitazama sana. Hakuuliza ni mtoto wa nani.

Kutoka hapo nikaenda kwa Mama Redio, nikapiga magoti kwenye kizingiti chake, mimi huyu mwenye kiburi. Nilimwomba radhi na katika pumzi hiyo hiyo nikamwomba bajaji ya mumewe. Aliingia ndani, akaniletea ufunguo. Hiyo bajaji aliyowapakia mkweo asubuhi hii ni yao. Alichosema tu ni kwamba nikimwona mwizi wangu nimpe salamu zake.

Mwizi sikumtaja, kwake wala kwa yeyote. Mkweo, Mama Redio, Dada Saa, wote nimewaambia kwamba vile viwili nilivikata mimi mwenyewe, nikavitia kwenye mfuko wa aproni ya kazini, vikaenda na maji ya kufulia. Mkweo amecheka mpaka jino likamuuma upya. Dada Saa hakucheka, amenitazama kwa jicho la pembeni, anaamini niliviuza. Acha aamini. Jina langu lilishachafuka pale barazani, doa moja zaidi halitaonekana. Kwa hiyo usihofu watu wa huku, mama. Huku umeshakuwa safi.

Lakini hapo ulipo siwezi kukusafisha. Ndani ya bahasha nimeweka ile karatasi, jina la dawa liko nyuma yake. Mtaingia, na daktari atauliza kama mtoto amepewa dawa yoyote. Wifi atajibu hapana, na atakuwa anasema ukweli wake. Kaka hayupo. Mkweo hajui. Hata mimi ninayejua nusu, sijui vilikuwa vipande vingapi, wala cha mwisho alikinywa siku gani. Hapo ndani, kati ya watu wote, anayejua ni wewe peke yako. Sema, mama. Sema usimtazame wifi, mtazame daktari. Wifi atafoka, nisikudanganye, atafoka mpaka dirishani. Mwache afoke. Akimaliza kufoka atakuwa bado ana mtoto. Na ikishindikana kukaa naye nyumba moja, njoo kwangu, chumba ni kidogo lakini tutakigawa.

Kibonge anakusalimu kwa kupiga kopo chini. Mama Redio anakusalimu, tumeanza kusemezana. Mpe wifi salamu zangu, baadaye, siyo sasa. Mume wako mdogo mbusu kwenye paji la uso, mwambie shangazi yake anamsubiri aje wavunje vitu pamoja na mwenziwe.

Nimemshuku mhudumu wa afya, nimemshuku jirani, nimemshuku mume wangu, na wote nimewakosea. Sasa hivi, ninapoandika, nakushuku wewe. Nashuku kwamba utaikunja barua hii, utaitia kifuani, utainamisha kichwa, na moyoni utasema daktari ana vipimo vyake, atajionea mwenyewe. Mama yangu, nakuomba kwa maziwa niliyonyonya, na hapa pia nikosee.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Mama Kibonge